Nilivyoirudishia besi albamu ya Metallica isiyo na besi (uzi mrefu, vuta kiti)

Nyuzi Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Najua humu wapenda roki tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yetu walishagombana. Lakini hii kazi imenikesheza miezi minne, mama watoto hataki hata kuisikia ikitajwa, kwa hiyo inabidi niwamwagie nyinyi.

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili Tanga, mjomba wangu aliyekuwa baharia alirudi na mfuko wa Rambo umejaa kaseti. Nyingi zilikuwa za rege. Moja ilikuwa na picha ya sanamu ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, kamba zinamvuta huku na huku, mizani yake imejaa noti. Nikaitia kwenye redio ya sebuleni. Wimbo wa kwanza unaanza na magitaa yaliyogeuzwa kinyumenyume, yanakua polepole kama lori linalopanda mlima kwa mbali, halafu ghafla lori lenyewe liko mlangoni kwako. Nilisimama wima. Baada ya dakika mbili nikaanza kuhangaika na kitufe cha besi. Nikazungusha mpaka mwisho. Kimya. Nikadhani kaseti imechoka, nikadhani spika imekufa. Mjomba akapiga kelele kutoka uani: "We mtoto, usinivunjie redio!"

Redio ilikuwa nzima. Albamu ndiyo haina besi.

Kwa wasioijua: ni ...And Justice for All ya Metallica, bendi ya metali ya Marekani, imetoka Agosti 1988, nyimbo tisa, dakika 65 na ushee. Ilifika nafasi ya 6 kwenye chati ya Billboard kule Marekani, na wimbo wa One ukawaletea Grammy mwaka 1990. Kwangu ndiyo albamu yao bora, na hapa sitaki ubishi. Nyimbo zake zina kona kali, unadhani fundo (kile kipande cha gitaa kinachorudiwa) linarudi pale pale, kumbe limebadilika nusu pigo, ukizubaa umeachwa kituoni. Na mpiga besi yumo. Anaitwa Jason Newsted, jina lake limeandikwa kwenye jalada, kapiga humo ndani kama wenzake. Ila humsikii.

Kisa chake kinajulikana. Septemba 27, 1986 basi la bendi lilipinduka Sweden, na mpiga besi wao Cliff Burton akafariki akiwa na miaka 24. Mwezi uliofuata wakamchukua Newsted. Hii ndiyo albamu yake ya kwanza kamili na wao, na sehemu zake alizirekodi akiwa na fundi msaidizi tu, wakubwa hawapo. Miksi, yaani kuchanganya sauti za vyombo vyote, ikafanywa na Steve Thompson na Michael Barbiero huko Bearsville, jimbo la New York, kiangazi cha 1988, wakati bendi iko kwenye ziara ya Monsters of Rock. James Hetfield (mwimbaji na mpiga gitaa) na Lars Ulrich (mpiga drams) wanashuka jukwaani, wanapanda ndege kwenda studio, masikio bado yanapiga mluzi, wanakaa mbele ya miksa na kutoa maagizo. Thompson amesimulia kwamba Lars alimwambia ashushe besi mpaka isikike kwa taabu. Alipoishusha, akaambiwa ashushe tena. Flemming Rasmussen, aliyeirekodi albamu pamoja nao, anasema yeye ni mmoja wa watu wachache waliowahi kuisikia ile besi peke yake, na kwamba ilikuwa nzuri sana.

Mimi ni mpiga besi. Nilianzia bendi ya dansi ya mtaani, siku hizi napiga kanisani. Kwenye dansi, solo akikosea watu wanacheka, rithimu akikosea hakuna anayejua, besi akikosea watu wanarudi kukaa. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaipenda kwa miaka karibu 30 albamu ambayo mwenzake kafukiwa akiwa hai.

Mwaka huu nikasema basi. Naitengeneza yangu.

JARIBIO LA KWANZA: kumtoa Jason alikofichwa

Siku hizi kuna programu zinazochukua wimbo uliokwisha changanywa na kuutenganisha: drams kando, besi kando, sauti kando, yaliyobaki kando. Mimi nilitumia Demucs, ni ya bure. Laptopu yangu ni ya zamani, wimbo mmoja ulikuwa unachukua muda wa kupika maharage.

Nikafungua faili la besi la Blackened, nikavaa hedifoni, nikafumba macho. Unajua nilichosikia? Kiki (dramu kubwa ya mguu) ikigonga kwa mbali, mkoromo wa chini wa magitaa, na katikati yake kitu kama mtu anayenong'ona akiwa ndani ya kabati. Ni sawa na kukamua machicha ambayo tui la kwanza na la pili lilishatoka. Programu haiwezi kutoa kisichokuwemo. Nikipandisha, napandisha takataka zote pamoja naye.

Kuna njia nyingine ambayo mashabiki wa Ulaya na Marekani waliitumia. Mwaka 2009 ulitoka mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero: Metallica. Ili mchezo ukuadhibu ukikosea, lazima kila chombo kiwe kwenye njia yake, ili ukikosa noti chombo chako kinyamaze na vingine viendelee. Kwa hiyo nyimbo zilizomo, One na Dyers Eve zikiwemo, watu walizitoa zikiwa vipande vipande, na Newsted akasikika peke yake, wazi kabisa. Mimi nilivisikia vipande hivyo mtandaoni. Niliganda. Jamaa anapiga kwa piki (kile kipande cha plastiki cha kukwangulia nyuzi), noti kwa noti na gitaa la Hetfield, kwa kasi ile ile, bila kuteleza. Mkono wangu uliuma kwa kusikiliza tu.

Lakini mchezo una nyimbo chache, nami nilitaka albamu nzima.

JARIBIO LA PILI: napiga mwenyewe

Hapa ndipo ujinga wangu ulipojianika.

Nilichukua besi yangu ya mtumba, nyuzi nne, nikaiunganisha na laptopu, nikaanza na Harvester of Sorrow kwa sababu una mwendo wa pole. Sikutaka kumfuata Jason. Nikasema hawa watu walikosa mpiga besi wa kiafrika! Nikaanza kutembeza besi. Nikaacha nafasi, nikaingia nyuma ya pigo, nikapanda juu kwenye uzi wa kwanza pale Hetfield anapovuta pumzi. Nikajisikia mtu.

Kesho yake asubuhi nikasikiliza kwa akili timamu. Ilikuwa kama mtu kaalikwa msibani akaja na vuvuzela. Kila nilipoacha nafasi, ule ukuta wa magitaa ulionekana umepasuka. Kila nilipopamba, lile fundo zito lilipoteza uzito. Muziki huu haukuachiwa tundu. Magitaa ya Hetfield yamerekodiwa safu juu ya safu, yote yanasema neno moja kwa wakati mmoja, na besi ikisema neno jingine inaonekana mbishi.

Nikafuta. Nikarudi kwenye vipande vya One nikasikiliza Jason anafanya nini, halafu nikafanya hivyo hivyo kwa nyimbo zote: kufuata gitaa, noti kwa noti, kwa piki. Mimi wa vidole nimejifunza piki ukubwani. Kwa Dyers Eve nilichukua wiki tatu, na kuna sehemu mbili nimezipiga kwa mwendo wa nusu halafu nikaziharakisha kwa kompyuta. Najitangazia aibu mwenyewe kabla hamjanikamata.

JARIBIO LA TATU: kuipa mahali pa kukaa

Kosa la watu wengi (nilifanya pia) ni kudhani ukishakuwa na besi, unaipandisha tu. Nilipandisha. Ikawa matope.

Sababu ni hii. Uzi mnene wa besi unalia hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde). Uzi mnene wa gitaa unalia hezi 82, yaani oktava moja juu. Wakipiga noti moja kwa wakati mmoja, mlio wa pili wa besi unaangukia hapo hapo kwenye mlio wa kwanza wa gitaa, na sikio linaunganisha mawili kuwa kitu kimoja. Hata kama Lars asingesema neno, besi inayofuata gitaa namna hii ni rahisi sana kupotea. Halafu magitaa ya albamu hii yameongezwa chini na juu, katikati yamechimbwa shimo. Kwa hiyo gitaa limehamia chumba cha besi na godoro lake.

Nilichofanya: faili la "yaliyobaki", ambalo ndiyo magitaa, nikalipunguza kuanzia hezi 120 kwenda chini, na kidogo karibu na 200. Besi nikaiacha itawale kati ya 50 na 110. Halafu nikaiongezea ukwaruzo wa piki karibu na 900, kwa sababu kule katikati kwenye shimo hakuna mtu, panasubiri mpangaji. Hapo ndipo ilipotokea. Haikuja kama sauti mpya. Ilikuja kama sakafu. Gitaa lile lile, sauti ile ile, lakini sasa wanasimama juu ya kitu.

Kiki ya Lars nimeiacha na mlio wake mkavu, ule wa kugonga meza kwa kucha. Nilijaribu kuinenepesha nikaona inagombana na besi, na isitoshe bila ile kucha siyo Justice tena.

MPANGILIO

Kwa kuwa nilishakuwa na kisu mkononi, nikakata na vingine. Eye of the Beholder nimeutoa. Samahani, lakini tangu kaseti ya mjomba nilikuwa nauruka. Wimbo wenye jina la albamu, wa karibu dakika 10, nimeupunguza mpaka 7 na nusu kwa kuondoa marudio. Bendi yenyewe ilikaa miaka mingi bila kuupiga jukwaani, kwa hiyo msinitolee macho. The Frayed Ends of Sanity nimeupandisha nafasi ya tatu, kwa sababu umeonewa: hawakuwahi kuupiga mzima mbele ya watu mpaka Helsinki, Mei 2014. Dyers Eve unabaki mwisho. Huo ukiwekwa kati, kinachofuata chochote kinaonekana kimelala.

Jumla nyimbo nane, dakika 56. Karibuni kwa maswali na matusi.

---

Baharia Mstaafu

Mkuu nimesoma yote na Metallica siwajui hata kwa sura. Nimekaa pale nangoja wataalamu. Huyo mjomba yuko hai? Mfuko wa Rambo wa kaseti mwaka 96 ulikuwa mtaji wa kufungulia kibanda.

Nyuzi Nne

Yuko hai, yuko Pongwe analima. Nilimpelekea hii niliyoirekebisha, akasikiliza wimbo mmoja, akasema "Sasa redio imepona."

Mtoto wa Chuo

Weka link basi kiongozi tushushe.

Nyuzi Nne

Link hakuna. Sauti ya Hetfield siyo yangu, magitaa siyo yangu, drams siyo zangu. Ndani ya dakika 56 mali yangu ni besi tu, tena besi ya kunakili. Nimeitengeneza niisikilize kwenye gari langu. Ukitaka, nunua albamu, pakua Demucs, tafuta besi. Mimi nimekuonyesha njia ya kwenda kisimani.

Santuri Haifutiki

Nimevumilia mpaka mwisho ndio nijibu. Kazi nzuri kwa mikono, mbaya kwa adabu.

Albamu ikishatoka imetoka. Wale watu walikuwa na miaka 24, 25, wamemzika mwenzao, wana hasira, masikio yamechoka, wakafanya uamuzi wa ajabu. Uamuzi huo NDIO albamu. Ule ukavu, ule ubaridi wa mifupa mitupu, ndio unaoufanya wimbo kama One utishe, maana mle ndani kuna askari asiye na mikono, miguu, macho wala sauti. Wewe umemnunulia godoro. Mwaka 2018 bendi yenyewe iliitoa upya kwa sauti iliyosafishwa, pesa wanazo, kanda wanazo, Newsted yuko hai. Walipandisha besi? Hawakupandisha. Hetfield ameshaulizwa mara nyingi na msimamo ni kwamba historia haibadilishwi. Sasa wewe wa kanisani ni nani?

Kesho utachukua rekodi za RTD (Radio Tanzania) za miaka ya 70, zile bendi zilizoingia chumba kimoja na maikrofoni za kuhesabika, uziongezee besi za kisasa. Ukiigusa Western Jazz nakuja kwako na panga.

Nyuzi Nne

Mzee wangu Santuri, shikamoo. Panga liweke kwanza.

Kuhusu One nakupa haki yako nusu. Ule mwanzo wa polepole, kabla ya mashine kuanza kufyatua, nilipoweka besi nzito ulikuwa kama mgonjwa aliyevishwa suti. Nimeishusha pale hadi karibu na ya asili. Besi inaingia kweli pale kwenye fundo la mapigo ya haraka, lile ambalo kiki na gitaa zinafyatua pamoja. Ukisikia pale, utaweka panga chini.

Lakini la "albamu ikishatoka imetoka" silikubali, na nakujibu kwa mambo ya nyumbani. Dansi letu lilikuwa hivyo? Mwanamuziki akihama bendi anahama na wimbo wake, anaurekodi upya kule, kaubadilisha mwendo, kaongeza chemko, na wewe mwenyewe unazipenda zote mbili. Hakuna aliyesema ya kwanza imefutwa. Justice ya 1988 iko pale pale dukani. Hii yangu ni ya gari langu.

Santuri Haifutiki

Marahaba. Ila unachanganya mambo. Mwenye wimbo akiurudia ni haki yake, ni mtunzi. Wewe hukutunga.

Nyuzi Nne

Hapo umenibana. Ndiyo maana link hakuna.

Fundi Spika

Maswali ya kiufundi, naomba usijibu kwa misemo.

1. Unasikilizia nini? Kama ni hedifoni tu, hizo hezi 50 unazisema kwa imani siyo kwa sikio.
2. Mwendo wa drams za albamu hiyo unayumba. Umepangaje besi yako kwenye mstari?
3. Ukipunguza magitaa chini ya 120, ule mkito wa mkono uliobana nyuzi si unakufa? Huo ndio nusu ya sauti yao.

Nyuzi Nne

1. Hedifoni usiku, spika za kanisa Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Mchungaji alipita wakati Blackened inaendelea, akasimama mlangoni, akauliza kama ni mazoezi ya mkutano wa injili. Nikasema ni kupima spika. Siyo uongo.

2. Sikutumia mistari ya kompyuta kabisa. Nilijaribu, ikawa kila baada ya sekunde 20 natofautiana na Lars. Rasmussen ameshaeleza kwamba drams zile zilikatwa na kuungwa kwenye kanda kwa mkono, vipande kwa vipande, kwa hiyo zina mwendo wake. Nilipiga kwa sikio, kipande cha sekunde 15, narudia mpaka kikae. Ndiyo miezi minne hiyo. Siku moja nimemaliza nusu ya The Shortest Straw sijahifadhi, umeme ukakatika na betri ya laptopu ilishakufa zamani. Nililala bila kula.

3. Swali zuri kuliko yote. Ndiyo, mkito ulikufa. Mara ya kwanza nilikata yote moja kwa moja, magitaa yakawa kama nyuki kwenye kopo. Sasa nimepunguza desibeli 4 tu, na nimeweka kompresa inayobonyeza magitaa pale tu besi inapolia, besi ikinyamaza yanarudi. Siyo kamili. Pale Hetfield anapobana nyuzi na kusimama ghafla, ukisikiliza kwa makini unasikia yanapumua, yaani sauti inashuka na kupanda.

Fundi Spika

Kupumua siyo kosa kama kunaenda na pigo. Sogeza muda wa kuachia uwe karibu milisekunde 80, ujaribu. Na desibeli 4 ni sawa, ningekuwa mimi ningeweka 3. Heshima mkuu, sikutegemea.

Dada Mkorofi

Mimi nimeingia kwa umbea tu, muziki wenu huu unanipa kizunguzungu. Naomba kuuliza. Kwa nini walimfanyia hivyo huyo kijana? Walimpigia simu wenyewe, aje, halafu wanamzima sauti?

Nyuzi Nne

Dada, kuna majibu mawili na yote yanatoka kwao wenyewe. La kwanza ni la kiufundi: Hetfield alitaka magitaa yake yajaze kila kona, Lars alitaka drams zake, na besi ya kufuata gitaa ikaonekana inachafua tu. Masikio yamechoka, wakawa wanaongeza wakipendacho na kupunguza wasichokisikia.

La pili ni kwamba walikuwa bado wako msibani. Kijana alitaniwa vibaya, waliendelea kumwita mgeni kwa miaka. Amekaa nao mpaka Januari 2001 ndio akaondoka. Na kwenye albamu nzima ameandikwa mtunzi mwenza kwenye wimbo mmoja tu, Blackened.

Dada Mkorofi

Basi nimeelewa. Ni mwanamke aliyeolewa nyumba ya marehemu mke wa kwanza, picha bado iko ukutani sebuleni, na kila akipika wanasema chumvi haikuwa hivi. Na bado anapika kila siku. Maskini. Nitausikiliza huo Blackened, mmoja tu.

Kuruka Viunzi

Niaje watu wa Bongo. Huku Nairobi wapenzi wa metali tuko wengi kiasi, na hii stori ya Justice tumebishania miaka. Niongeze kitu: mwaka 2008 walipotoa albamu ya Death Magnetic, tatizo lilikuwa kinyume. Besi ipo, kila kitu kipo, lakini imepandishwa sauti mpaka imepasuka, drams zinakwaruza. Mashabiki wakagundua toleo lililo ndani ya mchezo wa Guitar Hero halijabanwa vile, wakalirekodi kutoka kwenye mchezo, wakajitengenezea albamu yao. Mimi hadi leo hiyo ndiyo ninayosikiliza, ile ya dukani inaniumiza kichwa. So hii tabia ya kurekebisha Metallica nyumbani ina historia ndefu. Ni bendi kubwa duniani na kila mara mafundi wa bure wanawamalizia kazi.

Swali langu ni moja, na naona kila mtu amelipita. Umesema nyimbo nane. To Live Is to Die umefanya nini nayo?

Nyuzi Nne

Nilikuwa natumaini hakuna atakayeuliza.

Kwa wasioujua: ni wimbo wa karibu dakika 10, hauimbwi. Umejengwa na vipande vya gitaa alivyoviacha Cliff Burton, na karibu na mwisho Hetfield anasoma maneno machache kwa sauti ya chini, na jina la Cliff limo kwenye orodha ya watunzi. Yaani ni kaburi lake limewekwa ndani ya albamu, na anayepiga besi hapo ni Jason.

Nilirekodi. Nilirekodi mara nne. Mara ya kwanza kwa piki, nikifuata gitaa kama nyimbo nyingine. Safi kabisa, na nilipoisikiliza nikaona aibu nisiyoweza kuieleza. Mara ya pili kwa vidole, nikisema Cliff alikuwa mtu wa vidole. Ikawa naigiza marehemu. Ya tatu na ya nne sitaki hata kuzisema.

Kwenye toleo langu upo vile vile kama kwenye kaseti. Sijagusa hata ikwalaiza. Unatoka Frayed Ends, The Shortest Straw na Harvester zikiwa zimejaa, sakafu ipo, unaendesha gari umeridhika, halafu unaingia wimbo huo na sakafu inaondoka chini ya miguu. Mara ya kwanza kuupitia nikiwa barabarani nilidhani spika za gari zimeharibika, nikapeleka mkono kwenye kitufe cha besi.

Santuri Haifutiki

Aya. Panga nimelirudisha jikoni. Lakini Western Jazz usiiguse.

Kuruka Viunzi

Heshima, bro. Huo uamuzi nauelewa.

Dada Mkorofi

Nimesikiliza Blackened. Kichwa kinauma. Lakini ni kweli, mtu mmoja hayupo pale, hata mimi nimeona.

Mtoto wa Chuo

Mkuu kama link hutoi basi hamia albamu yao ya St. Anger. Ile sinea (dramu ndogo yenye nyaya chini) inalia kama sufuria, imeniharibia albamu nzima.

Nyuzi Nne

Ile ya 2003? Lars alizilegeza zile nyaya za chini ya sinea, ndiyo maana inalia hivyo. Jason alishaondoka, besi kule alipiga Bob Rock, mtayarishaji wao mwenyewe, na inasikika vizuri tu. Kwa hiyo siyo idara yangu. Tafuteni mpiga drams.

Fundi Spika

Mpiga drams ninaye. Sufuria tutamwomba Dada Mkorofi.

Dada Mkorofi

Zangu zina maharage.